Shajara ya mradi: kutengeneza tamthilia ya upelelezi mwaloni, Mwanza

14 Juni 2025: Skripti imekamilika

Leo tumeisoma skripti ya kipindi cha kwanza mezani, mwanzo hadi mwisho, watu saba, kwenye banda la mama lishe pale Mkuyuni baada ya wateja wa mchana kuondoka. Kurasa 26. Kisa chenyewe: mfanyabiashara wa dagaa anamuua mbia wake, anamfunga jiwe la nanga na kumtosa ziwani. Siku ya tatu mwili unaibuka karibu na mwalo, ufukwe wa kushushia samaki, na mpelelezi anaitwa. Naandika shajara hii ili mwenye kamera moja na hamu ya kazi kama hii, awe Musoma, Bukoba au Ukerewe, aone pesa ilipokwenda na tulipoteleza. Tumechanga watu wanne, jumla shilingi 2,400,000.

Uamuzi uliochukua muda mrefu kuliko yote ni huu: muuaji anaonekana tangu dakika ya pili. Skripti ya kwanza ilimficha mpaka mwisho, ikatushinda. Ukitaka kumficha muuaji lazima uwe na watuhumiwa watano au sita, na kila mtuhumiwa ni msanii, ni nguo, ni nyumba yake, ni nauli yake. Columbo, tamthilia ya Marekani iliyoanza kama filamu ya televisheni mwaka 1968 na kuwa mfululizo mwaka 1971, ilijengwa juu ya njia hii ya pili. Mtazamaji anashuhudia mauaji mapema, kisha anakaa kusubiri mpelelezi atamnasaje mtu huyu. Kwetu imepunguza wasanii kutoka kumi na wanne hadi saba.

Kuna habari moja ya tamthilia hiyo niliyowasimulia wenzangu mezani. Yule mpelelezi ana tabia ya kuaga, kufika mlangoni, halafu kugeuka na kusema kuna jambo moja limebaki. Watunzi wake, Richard Levinson na William Link, hawakuipanga. Waliandika sini, mpelelezi akatoka, kisha wakaona sini ni fupi. Enzi hizo ni za taipureta, na kuchapa upya ukurasa mzima ni kazi, kwa hiyo wakamrudisha mlangoni aulize swali moja zaidi. Tabia hiyo ndiyo watu wanayoikumbuka mpaka leo. Nimeisema kwa sababu mpiga picha wetu alikuwa ameanza kukata tamaa na sini ya ukurasa wa 19, ambayo nayo ni fupi. Tumeiacha ilivyo, tumemwongezea mpelelezi kimya cha sekunde nane.

22 Juni 2025: Kivuko kimetuponyoka

Kurasa nne zimekufa. Sini ya muuaji kukimbia ilikuwa Kigongo, kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Busisi. Gari lake limekwama katikati ya malori, mpelelezi anatembea kwa miguu dirisha hadi dirisha, na kivuko kinaonekana mbali kikija taratibu. Ilikuwa sini niliyoipenda kuliko zote. Tarehe 19 Juni Daraja la J.P. Magufuli limefunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, na foleni ile haipo tena. Mimi niliyewahi kulala Kigongo na mgonjwa ndani ya gari nikisubiri zamu nimelifurahia daraja hilo kwa moyo wote. Ila kurasa zimekufa.

Tulijaribu kwanza kumkimbizia darajani. Haikufaa: gari likishapanda daraja linapita kwa dakika chache tu, hakuna pa kukwama. Siku ya tatu tumehamia kivuko cha Kamanga, kinachotoka katikati ya mji kwenda upande wa Sengerema. Pale muuaji hana gari. Amesimama kwenye sitaha na begi, kivuko kimeshaondoka, na mpelelezi yumo humohumo amekaa kwenye benchi anakula karanga. Hana haraka, maana huyu mtu hana pa kwenda mpaka ng'ambo. Nakiri kwamba ni nzuri kuliko ile ya foleni.

Breaking Bad, tamthilia nyingine ya Marekani, nayo ilikusudiwa iwe Riverside, California, ikahamishiwa Albuquerque kwa sababu jimbo la New Mexico lilirudishia watayarishaji sehemu ya gharama. Leo huwezi kuitenganisha tamthilia ile na jangwa lake.

Gharama ya kosa hili: siku tatu, na nauli 12,000 ya kwenda kuangalia Kamanga.

6 Julai 2025: Vibali na sare

Vibali vimepita. Andikeni mapema, fuatilieni mapema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 bado ndiyo msingi, na maombi yanakwenda Bodi ya Filamu. Mwaloni mkaonane na viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, kabla ya kutoa kamera kwenye begi. Sisi tulikwenda na barua, tukakaa, tukasalimia, tukaeleza hadithi yote pamoja na maiti, na hawakutusumbua hata siku moja.

Kosa letu lilikuwa kwenye sare. Dada wa mavazi alikuwa ameshapata fundi wa kushona sare mbili za askari, kitambaa kimeshakatwa. Afande mmoja mstaafu, jirani yangu, alipita akaona kitambaa mezani.

"Hii mnashona kwa ruhusa ya nani?"

"Bado tunafuatilia, afande."

"Basi simamisheni cherehani. Kuvaa sare ya Polisi bila ruhusa ni kosa, na mtu akikukuta nayo barabarani hatasubiri umweleze habari za kamera."

Tumesimamisha. Hasara ya kitambaa ni 38,000. Nimebadilisha skripti ili timu yote ya upelelezi iwe ya askari kanzu, na afande amekubali kutushauri bila malipo. Hapo ndipo tulipopata faida tusiyoitegemea. Msanii anayemwigiza mpelelezi alikuja majaribio na shati lake la drafti lililochakaa kola, la kushindia nyumbani. Nikamwambia asilivue. Koti la mvua la Columbo lilikuwa la msanii mwenyewe, Peter Falk, alilinunua New York siku mvua ilipomkuta njiani; na gari lile kuukuu la Peugeot 403 alilichagua yeye katika gereji ya studio. Nguo ambayo mtu ameivaa miaka ina mikunjo yake kwenye kiwiko, na mikunjo hiyo fundi hawezi kuishona.

12 Julai 2025: Damu imekubali, kioo kimekataa

Jaribio la kwanza la damu: shira nzito kama ya kaimati, na rangi nyekundu ya chakula. Kwa macho ilipendeza. Kwenye kamera, chini ya taa nyeupe, ikawa ya waridi kama juisi. Na nje ya nyumba, kabla hatujapiga hata shoti moja, nyuki na nzi walishaijaa.

Jaribio la pili: tukaongeza kakao. Rangi ikashuka, ikawa ya kweli. Alfred Hitchcock alipopiga Psycho, filamu iliyotoka mwaka 1960, alitumia mafundi wengi wa tamthilia yake ya televisheni ili kubana matumizi, na damu ya kwenye bafu ilikuwa sosi ya chokoleti, kwa kuwa picha ilikuwa nyeusi na nyeupe na kilichotakiwa ni uzito na weusi wake tu. Sisi tuna rangi zote, lakini ule weusi tunauhitaji vilevile. Tatizo la nyuki likabaki.

Jaribio la tatu ndilo linalotumika. Nusu lita ya maji, vijiko vitatu vya wanga wa mahindi, pika moto mdogo huku unakoroga mpaka iwe kama uji mwepesi. Ikipoa weka rangi nyekundu kijiko kimoja na nusu, kakao nusu kijiko cha chai, na tone moja la rangi ya buluu. Tone moja tu. Mawili yanaleta zambarau. Haina sukari, nzi wanaipita. Kwa damu ya kwenye nguo ongeza sabuni ya maji kijiko kimoja, doa litatoka ukifua siku hiyohiyo. Yenye sabuni isikaribie mdomo wala macho. Uji huu unachacha ukilala, pikeni wa siku moja.

Kioo kimetushinda. Tulitaka dirisha la ofisi livunjike, tukayeyusha kilo tatu za sukari na kumimina kwenye sinia lililopakwa mafuta. Kilitoka kizuri, unaona upande wa pili. Tukakilaza usiku dirishani. Asubuhi kilikuwa kinanata na kimepinda katikati kama chapati, maana hewa ya ziwani imejaa unyevu na sukari huufyonza. Wenzetu wa Breaking Bad walitumia pipi ya sukari ya rangi ya buluu kuwa ndiyo dawa ya kulevya ya kwenye hadithi yao, lakini wao walikuwa jangwani. Hapa kwetu msijaribu msimu wowote. Dirisha halivunjiki tena: linasikika likivunjika wakati kamera inamtazama mpelelezi usoni.

Jumla ya damu na sukari, 41,500.

26 Julai 2025: Usiku wa dagaa

Usiku mbili mfululizo, tarehe 24 na 25. Tarehe haikuwa ya kubahatisha. Dagaa huvuliwa gizani, wavuvi huenda na taa ili dagaa wazifuate, na mbalamwezi ikiwaka wengi hupumzika. Mwezi mwandamo uliangukia tarehe 24. Tulihitaji zile taa zinazoonekana mbali ziwani kama mji unaoelea, na hizo hakuna bajeti inayoweza kuzinunua.

Jua lilizama kama saa 12 na dakika 55 jioni. Hapa karibu na ikweta giza haliji polepole, una dakika ishirini hivi za anga la buluu na basi. Tulikuwa tumepanga shoti sita kwa dakika hizo. Tulipata mbili. Panga mbili.

Kosa kubwa lilikuwa la taa. Wavuvi wengi sasa wanatumia taa za LED za betri na sola. Tulipiga saa mbili nzima, kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilionekana sawa. Tulipofungua kwenye kompyuta usiku wa manane, mistari myeusi ilikuwa ikipanda na kushuka kwenye uso wa kila mtu. Taa hizi huwaka na kuzimika kwa kasi ambayo jicho haliioni ila kamera inaiona. Tulishusha kasi ya shata, yaani ya kamera kufunguka na kufunga, kutoka 1/50 hadi 1/25 ya sekunde, mistari ikapungua lakini mikono ikawa na ukungu. Kazi ya usiku wa kwanza yote imetupwa, isipokuwa shoti za mbali ambako taa ni vitone tu.

Asubuhi nilizunguka kuuliza nani bado ana karabai. Babu mmoja pale Igombe alikuwa nazo mbili darini, na mfuko mmoja wa tambi zake. Nikamkuta anashona wavu kivulini.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka. Wewe ndiye wa maiti?"

"Ndiye mimi, babu. Nimekuja kuomba karabai."

"Utazirudisha na vioo vyake?"

Nikaahidi. Alizipampu mwenyewe mbele yangu, moja ilitoa moshi, akaisafisha sindano kwa waya wa baiskeli ikatulia. Mwanga wa karabai ni wa manjano, hautikisiki, na unaupa uso wa msanii kivuli ambacho LED haitoi. Shida yake ni sauti: inavuma muda wote kama nyoka aliyekasirika, maiki inaichukua yote. Tulikubaliana mazungumzo ya kwenye boti yarekodiwe baadaye chumbani. Mengine ya usiku ule: wadudu wadogo wa ziwani walikuja kwa mawingu kuifuata taa, tukafunga kitambaa cha chandarua mbele ya lenzi kati ya teki na teki. Jaketi okozi kila mtu, wasanii walizivaa chini ya makoti. Hilo sikubali mjadala nalo.

Boti mbili, mafuta, tambi na mafuta ya taa: 260,000.

3 Agosti 2025: Maiti inapumua, magugu yanatembea

Tumepiga sini ya mwili kuibuka. Alfajiri, ziwa limelala, hata makorongo bado hayajaanza ugomvi wao kwenye mifupa ya samaki.

Kila anayetazama tamthilia za upelelezi hulitazama tumbo la maiti kuona kama linapanda. Letu lilipanda. Kijana anayeigiza aliyeuawa ni hodari, lakini maji ya asubuhi ni ya baridi na mwili ukipigwa na baridi unahema utake usitake. Teki nane za kwanza hazifai. Haya ndiyo yaliyotusaidia, kwa mpangilio tuliouvumbua wenyewe: kwanza tulimtoa majini, tukamfunika blanketi dakika kumi. Pili, shoti ndefu ya sekunde ishirini tukaigawa kuwa shoti tatu za sekunde sita. Tatu, tukamlaza ubavu badala ya chali, tumbo lielekee upande wa pili wa kamera. Nne, kamera isitulie; ikitembea polepole juu ya mwili, jicho halina pa kulinganisha. Teki ya kumi na moja ndiyo tuliyoichukua. Macho alifumba. Macho wazi yalishindikana, kope hucheza zenyewe.

Nilidhani tumemaliza. Siku ya pili tulirudi kupiga upande wa mpelelezi, tukakuta ziwa jingine. Siku ya kwanza ghuba nzima ilikuwa kijani, magugu maji yameziba mpaka kwenye miamba, na mwili ulionekana ukiwa umenasa ndani yake. Usiku upepo uligeuka, ukayasukuma yote. Maji matupu, yanang'aa. Mpelelezi anatazama ghuba safi, tukikata upande wa pili mwili umo ndani ya magugu.

Tuliahirisha saa moja tukifikiri. Tulikodi mtumbwi, vijana wawili wakaenda kuyafuata magugu upande wa pili wa jabali, wakaja na shehena mbili. Hayakutosha kufunika ghuba, wala hakuna yangetosha. Tukayapanga mbele ya lenzi tu, karibu kabisa, mpelelezi akiwa nyuma yake kapiga magoti. Maji matupu yakaishia nje ya fremu. Mtumbwi na vijana, 25,000. Tangu siku hiyo sini ya ukingoni tunaipiga pande zote mbili asubuhi moja, hata kama chai itapoa.

17 Agosti 2025: Ofisi ya mpelelezi, na namba ya simu

Ofisi tumeijenga kwenye chumba cha duka kisichotumika, Mkuyuni. Rangi ya krimu juu, bluu ya mafuta chini, meza ya mbao, mafaili yaliyofungwa kwa kamba, kalenda, ndoo ya maji. Nje ya dirisha inatakiwa ionekane ni mjini kati, lakini ni uchochoro. Tumebandika karatasi ya mafuta kwenye kioo na kuweka taa nyuma yake. CSI, tamthilia ya upelelezi iliyoanza mwaka 2000, ni ya Las Vegas kwenye hadithi, ila sehemu kubwa ilipigwa California. Uchochoro wa Mkuyuni unaweza kuwa barabara ya Kenyatta.

Afande mstaafu alikaa nasi siku mbili, na alichotufanyia ni zaidi ya ushauri. Kwenye skripti yangu shahidi aliyejeruhiwa alikwenda moja kwa moja hospitali. Akasimamisha kazi: "PF3 yake iko wapi?" Kwa kawaida mtu ana jeraha la kupigwa, anapita kituoni, anachukua fomu, ndipo anakwenda kutibiwa. Kwenye skripti mjane aliambiwa "tutakupigia." Akauliza: "RB, ile namba ya taarifa yake kituoni, hamjampa?" Na mpelelezi wangu alipata majibu ya vinasaba jioni ileile. Hapo alinyamaza, akavua miwani. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo hapa Mwanza, Kanda ya Ziwa, na suala la vinasaba lina sheria yake ya mwaka 2009; sampuli inafungwa, inaandikwa, inasafirishwa kwa barua, na mtu anasubiri. Nimeandika upya. Sasa mjane anashika kipande cha karatasi chenye namba ya RB kwa sini tatu, kinazidi kukunjamana, na msanii wetu alikigeuza kuwa kitu cha kukiangalia badala ya kulia. Sini ile iliwatuliza watu wote chumbani.

Tamthilia zenye uzito zimekuwa zikifanya hivyo zamani. Jack Webb wa Dragnet, iliyoanza redioni mwaka 1949 na kuingia televisheni mwaka 1951, alitumia visa vya kweli kutoka Polisi ya Los Angeles. The Wire iliandikwa na David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari za uhalifu Baltimore, pamoja na Ed Burns, aliyekuwa mpelelezi wa mji huohuo. Kama mtaani kwenu kuna afande mstaafu, mpelekeeni skripti kabla ya kumpelekea msanii.

Jambo dogo lililokaribia kuleta kubwa: namba ya simu. Simu ya marehemu inaonyeshwa ikiita, namba inasomeka. Mpiga picha alikuwa ameandika namba ya kubuni tu. Nikaipiga. Akapokea mama mmoja, mtu mzima, anauliza ni nani. Nikaomba radhi, nikakata, jasho likanitoka, kwani kipindi kikitoka angepigiwa na mji mzima. Wamarekani wana namba za 555-0100 hadi 555-0199 zilizotengwa kwa ajili ya hadithi. Sisi tumesajili laini kwa alama ya kidole changu, na hiyo ndiyo namba ya marehemu. Laini ninayo, nitaiweka hai.

31 Agosti 2025: Sauti

Hapa ndipo tulipopoteza wiki mbili. Upepo wa mchana wa ziwani umeingia karibu kila sini ya nje. Manyoya ya maiki ya kuzuia upepo tuliyokodi yalikuwa na tundu, na aliyetukodishia hakusema. Yapulizeni kwa mdomo kabla ya kulipa. Mazungumzo ya sini tano yamerekodiwa upya ndani ya kabati la nguo, magodoro mawili mlangoni.

Sauti za vitendo tumezitengeneza kwa mikono. Mfupa unaovunjika ni muwa mkavu ndani ya taulo lenye unyevu. Karoti tulijaribu, inalia kama karoti. Kipigo ni kofi kwenye tikitimaji lililofunikwa kitambaa. Kioo kinachovunjika ni chupa ndani ya gunia, kwa nyundo, na miwani ya kufanyia kazi machoni.

Kisha alama yetu ya kufungulia sini. Ile milio miwili ya tamthilia ya Marekani ya Law & Order, inayosikika tangu mwaka 1990, ilitungwa na Mike Post kwa kuchanganya sauti nyingi, na ameeleza kwamba ndani yake mna vishindo vya wanaume wengi wakikanyaga sakafu ya mbao. Tuliazima wazo la kuchanganya. Tulirekodi kasia likigonga ubavu wa boti, mnyororo ukidondoka kwenye bati, na mlango wa lile duka la Mkuyuni. Kasia peke yake lilikuwa kavu. Mnyororo ulizidi. Tulipolishusha kasia kwa nusu ya kasi na kulitanguliza kidogo mbele ya mlango, kaka wa sauti akatoa vifaa masikioni akanipa mimi, hakusema neno.

14 Septemba 2025: Onyesho la majaribio mwaloni

Shuka jeupe ukutani mwa ghala, projekta ya kuazima, watu kama sitini na watoto mbele. Nilitaka wavuvi waione kabla ya mtu mwingine yeyote. Walicheka panapochekesha, walinyamaza kwenye karatasi ya RB. Sini ya kivuko ilipokuja mtu alipaza sauti, "Hana pa kwenda huyo!"

Lakini kabla ya hapo, dakika ya pili, muuaji anapofunga kamba kwenye jiwe la nanga, nilisikia mnong'ono unapita upande wa wazee. Baada ya onyesho babu wa karabai aliniita pembeni.

"Mwanangu, umesema huyu muuaji amekulia ziwani?"

"Ndiyo, babu."

"Basi siyo yeye aliyefunga. Lile fundo ni la kufungia mbuzi. Kamba mbili hazilingani unene, ni nailoni, zikilowa lile linateleza. Maiti yako ingeibuka usiku uleule."

Alichukua vipande viwili vya kamba chini. Kile kinene akakikunja kuwa kitanzi, akakishika kwa mkono wa kushoto. Kile chembamba akakipitisha ndani ya kitanzi kutokea chini, akakizungusha nyuma ya kitanzi chote, akaichomeka ncha yake chini ya kamba yake yenyewe, akavuta. Sekunde tatu hazikufika. Ni fundo lilelile la kusukia nyavu. Vidole vyake hata havikutazamwa, alikuwa ananitazama mimi usoni.

Watu sitini walikuwa wameiona hadithi nzima, na kwa wale wazee iliishia dakika ya pili.

21 Septemba 2025: Fundo

Tulimfundisha msanii wetu siku nne. Analifunga, ila analifunga kama mtu aliyefundishwa. Tukamwomba babu mikono yake. Alikubali kwa sharti moja, uso wake usionekane na jina lake lisitajwe, kwa kuwa yeye ni muumini na hataki kuonekana anaua mtu. Tukamvisha shati la muuaji, mikono ikakunjwa mpaka kwenye kiwiko, karabai yake mwenyewe ikawekwa upande wa kushoto. Kovu la wavu kwenye kidole gumba tulijaribu kulifunika kwa vumbi la mkaa, likaonekana bado, ndipo tukampaka msanii kovu kama hilo kwa sini mbili za karibu tulizozirudia. Teki moja. Shoti ina sekunde tano, muziki tumeuondoa, inasikika kamba tu ikijikaza.

Karabai zimerudi na vioo vyake vyote viwili.

Hesabu kamili: vibali, ufuatiliaji na mwalo 310,000, damu na sukari 41,500, usiku wa ziwani 260,000, chakula siku tisa 540,000, usafiri wote 385,000, kukodi maiki, taa na kununua diski 420,000, ofisi 165,000, posho za wasanii 450,000, kurudia fundo 68,000. Jumla 2,639,500. Tumezidi bajeti kwa 239,500. Kitambaa cha sare kimo kwenye vibali, mtumbwi wa magugu kwenye usafiri.

Faili la mwisho liko kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa mpiga picha Nyakato. Skripti ya kipindi cha pili iko ukurasa wa 11, na babu ameomba kuisoma kabla hatujaanza kupiga.